Silikosisi Haikuwa Siri

Mawe ya dhahabu yakisagwa makavu hutoa harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Harufu hiyo ilijaa nguoni mwa baba kiangazi kile nilipokuwa darasa la nne, karibu na Runzewe, akifanya kazi kwenye mashine ya kusagia mawe, karasha, ya Baba Masanja, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, aliyeajiri nusu ya kijiji. Alirudi nyumbani mweupe kwa vumbi tangu kope hadi kucha, na bibi, mama yake mzazi, alimkanda kifua kwa maji ya moto. Kikohozi hakikusikia. Mwishowe kilimfikisha hospitali, na daktari akautaja ugonjwa: silikosisi.

Sasa, sisi Wasukuma r na l hatuzitenganishi sana. Siri kwetu ni sili. Baba Masanja, aliyemsindikiza baba, alishika mwanzo wa neno akaacha mwisho. Siku ileile alisimama uani kwetu mbele ya majirani. “Daktali mwenyewe kasema ni sili,” alisema. “Na sili ya ndani anayo nani? Kikulacho ki nguoni mwako.” Watu wakamgeukia bibi, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, macho ambayo kwetu huitwa ya mchawi. Kama yule mzee alikosea au alikusudia, mimi najua ninaloamini, maana kosa lile liliiokoa karasha yake. Kabla ya mvua za kwanza kibanda cha bibi kilikuwa kimebomolewa, naye amekimbilia Kahama kwa shangazi. Baba alikufa akiamini kwamba mama yake ndiye aliyemmaliza. Hilo sijalisamehe, wala sitalisamehe.

Nilisomea utabibu kwa hasira. Kamusi ya chuo ndiyo iliyoniambia kwamba neno lile limetoka katika Kilatini, silex, yaani gumegume, jiwe gumu. Ugonjwa wa mawe, basi. Nililia palepale maktaba, kisha nikaona raha, kwa sababu nilikuwa nimepata fimbo.

Leo natibu katika zahanati hukuhuku, na kila mchimbaji anayekohoa namfundisha neno zima pamoja na mzizi wake. Wengi hawasagi tena mawe bila kuyamwagia maji. Kwa Baba Masanja, anayeona maji ni hasara, hawaendi kabisa. Wiki iliyopita alikuja na mkongojo wake. Shikamoo sikumpa.

“Mama Neema, unanivunjia kazi kwa neno moja,” alisema.

“Wewe ulimvunjia bibi yangu nyumba kwa nusu ya neno.”