Nzuri, Ila

Kuna neno moja ninalolichukia, nalo ni nzuri. Si nzuri ya chakula wala ya nguo. Ni ile ya kujibu salamu. Unamuuliza mtu habari za nyumbani, anakujibu nzuri kabla hujamaliza kuuliza, kumbe nyumba imeungua. Nimekulia kwenye miteremko ya Meru, kwa watu wanaosalimiana mpaka chai inapoa, kwa Kiswahili na kwa Kimeru, na katika salamu zote hizo sijawahi kumsikia mtu mzima akianza kwa kusema kwamba habari ni mbaya. Habari ni nzuri kwanza, mengine baadaye.

Baba yangu ndiye bingwa wao. Nilipokuwa chuoni alinipigia simu siku moja, nikamwamkia, nikamuuliza habari za huko. "Nzuri, mama," akasema. Ananiita mama tangu nikiwa mtoto. "Ng'ombe hawajambo, mvua ipo, nzuri tu. Ila mama yako amelazwa." Alilazwa na hakurudi nyumbani. Tangu hapo niliacha kuisikiliza nzuri ya baba, nikawa nasubiri "ila". Ila ikija, ndipo habari zinaanza. Isipokuja, nilijua kweli wako salama, nikakata simu nimetulia.

Ofisi niliyoajiriwa iko Sakina, mjini Arusha, barabara ya Nairobi, ghorofani juu ya duka la vipuri. Chini mafundi wanagonga bodi za magari kutwa nzima, juu sisi tunagonga kompyuta. Tulikuwa tunatengeneza kisanduku kinachofungwa kwenye tangi la kupozea maziwa. Ndani ya kisanduku kuna kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta kuna kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayoongea na vifaa moja kwa moja. Kiini ndicho kinachokiuliza kipimajoto maziwa yana joto gani. Joto likipanda, mashine ya kupoza inawashwa. Programu nyingine zote zinakaa juu ya kiini na kukiamini. Kikisema uongo, nazo zinasema uongo bila kujua.

Kazi yangu ilikuwa kuboresha majaribio ya kiini hicho na kuandika mwongozo wake. Majaribio ni programu ndogo ndogo zinazojiendesha zenyewe kila mtu anapobadilisha kitu, ili kukagua kama ameharibu. Aliyeyaandika alikuwa fundi mkuu wetu, mwanaume wa makamo mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Alifunga skrini kubwa ukutani, na kila jaribio lililopita liliandika SAWA kwa rangi ya kijani. Siku yangu ya kwanza ukuta mzima ulikuwa kijani.

"Hapa hatuna shida, dada," akaniambia. "Wewe andika tu mwongozo, upendeze."

Nilimchukia hapo hapo, na sitajifanya kwamba ilikuwa vinginevyo. Mwongozo wake wa zamani ulikuwa ukurasa mmoja: endesha majaribio, yakiandika SAWA, pakia kwenye kisanduku. Nikamuuliza sawa maana yake nini. Akasema sawa maana yake sawa.

Kituo cha kukusanyia maziwa kilichokuwa cha kwanza kufungiwa kisanduku kilikuwa cha kijijini kwetu, kwa sababu baba alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji. Majirani walisita. Walizoea kupeleka maziwa ya asubuhi na kuyauza asubuhi, hawakuona sababu ya kuyaacha yalale ndani ya tangi linaloangaliwa na kisanduku. Baba akawaambia wayaweke, yeye anasimama dhamana, maana kisanduku kimetoka kwenye ofisi ya binti yake. Wakakubali kwa ajili yake tu. Kisanduku kikiharibu, atakayeulizwa ni baba, na hilo nililijua kila asubuhi nilipopanda zile ngazi.

Nikaanza kuyasoma majaribio moja baada ya jingine, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kukasirika. Jaribio la kipimajoto liliuliza: joto ni ngapi? Ikija namba, namba yoyote ile, linaandika SAWA. Halikutazama ni namba gani. Na kama kipimajoto hakipo kabisa, jaribio linarukwa, na kurukwa nako kulihesabiwa SAWA. Niliitazama mistari ile nikamsikia baba. Habari za nyumbani? Nzuri. Na muulizaji ameshaondoka.

Mchana umeme ulikatika, kama kawaida yake, kisha ukarudi. Mezani kwangu kulikuwa na kisanduku cha kujaribia, kipimajoto chake kimetumbukizwa kwenye jagi la maji ya friji, na pembeni kulikuwa na kikombe cha chai ya rangi niliyoletewa muda huo huo. Sijui ni ubishi gani ulionishika. Nikakitoa kipimajoto kwenye maji, nikakitia kwenye chai. Kisanduku kilikuwa kinaonyesha nyuzi nne. Kikaendelea kuonyesha nne. Chai inafuka mvuke, nyuzi nne. Nikaendesha majaribio yote. Ukuta mzima ukaandika SAWA.

Kumbe umeme ukikatika na kurudi, kiini kilishindwa kukiamsha kipimajoto, na badala ya kusema kimeshindwa, kikawa kinaitoa tena ile namba ya mwisho iliyohifadhiwa kabla ya umeme kukatika. Maziwa yangeweza kuchacha na kugeuka mtindi, kisanduku kikatulia na nne yake, na mashine ya kupoza isiwake hata kidogo.

Nikamwita fundi mkuu. Akaangalia kikombe, akaangalia skrini, akacheka.

"Sasa dada, nani kakutuma uweke kipimajoto kwenye chai?"

"Umeme ulikatika."

"Hiyo ni hali ya pekee."

"Arusha hii? Umeme kukatika ni hali ya pekee?"

"Punguza sauti. Wageni wanaotufadhili wanakuja, na mimi nataka wakute ule ukuta ukiwa kijani. Tutaliangalia wakishaondoka."

Nilitoka nje kwenye ngazi nikampigia baba. Malori ya kwenda Namanga yalikuwa yanapita, ikabidi nizibe sikio moja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Habari za huko?"

"Nzuri tu."

"Na maziwa?"

"Nzuri, yapo."

"Tangi linapoza?"

"Linapoza vizuri kabisa. Wewe kazi inaendaje?"

Nikasubiri ila. Haikuja. Siku nyingine ningekata simu nimetulia, lakini nilikuwa nimetoka kuona nyuzi nne ndani ya chai ya moto, na kwetu umeme unakatika zaidi kuliko mjini. Nikamwambia Jumapili napanda. Akasema karibu sana, ila kuna matope. Hiyo ndiyo ila pekee niliyopata.

Kwetu ibada ikiisha, sadaka za vitu hunadiwa nje ya kanisa. Mkungu wa ndizi, trei la mayai, kuku aliyefungwa miguu. Ni wakati wa furaha. Watu hupandishiana bei kwa utani, na aliyeshinda hushangiliwa. Jumapili ile ndizi zilikwenda, mayai yakaenda, kisha mzee wa kanisa akanyanyua dumu la maziwa. Kila mtu alijua ni la baba, maana baba hutoa maziwa kila juma.

"Haya, maziwa haya, nani anaanza?"

Kimya. Wale wale waliokuwa wanagombania mayai sasa wanatazama viatu vyao. Mzee wa kanisa akatania kwamba leo watu wameshiba. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja nyuma yangu, tena anayejua kabisa niko mbele yake, akasema, "Ampelekee huyo wa mjini aliyewatengenezea kisanduku." Nikageuka nikamkazia macho mpaka akashusha yake. Mkubwa kwangu, na sikumwamkia.

Baba akanyoosha mkono, akayanunua maziwa yake mwenyewe. Alikuwa anatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililoniuma kuliko kile kimya.

Njiani kurudi nyumbani tulipita kituoni. Nyuma ya kituo, chini ya migomba, udongo ulikuwa umeganda weupe kwa maziwa yaliyomwagwa na nzi wamejaa. Harufu yake ilitufikia kabla hatujafika. Nikasimama.

"Yameanza kuharibika lini?"

"Tangu mvua zianze. Umeme unasumbua."

"Na mimi nikikuuliza, unasema nzuri."

"Ningesemaje, mama? Hicho kisanduku ndicho kinachokulisha. Nikilalamika, si wangekufukuza?"

Nilimpigia kelele. Binti hampigii baba yake kelele njiani, tena watu wakitoka kanisani, tena kwetu, lakini nilipiga. Nilimwambia amewaachia watu wamwage maziwa yao ili mimi niende ofisini kuandika kwamba kila kitu ni sawa. Nilimwambia hata ila ameninyima. Hilo hakulielewa, na sikuwa na nafasi moyoni ya kumweleza. Alilihamisha dumu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akaniambia twende, chakula kitapoa.

Jumatatu sikuomba ruhusa ya mtu. Niliandika upya majaribio ya kipimajoto. Jaribio jipya lilikata umeme lenyewe, likaurudisha, likakipasha moto kipimajoto, na kudai namba ibadilike. Isipobadilika, nyekundu. Na jaribio lolote lililorukwa liliandika LIMERUKWA, kwa herufi kubwa nyekundu, wala halikuhesabiwa miongoni mwa yaliyopita. Mpaka mchana nusu ya ukuta ilikuwa nyekundu, kwa sababu nusu ya yale majaribio yalikuwa hayajawahi kujaribu kitu.

"Umeniharibia ukuta!" Fundi mkuu alisimama mlangoni, na mafundi wa chini waliacha kugonga ili wasikie.

"Ukuta wako ulikuwa mwongo."

"Rudisha kama ulivyokuwa."

"Rudisha wewe. Na ukirudisha, andika jina lako chini yake, na useme umefuta kwa sababu gani."

Hakurudisha. Wageni walipokuja alichomoa waya wa skrini, akawaambia imeharibika na fundi ameitwa. Wakanywa soda zao mbele ya skrini nyeusi, wakasifu mandhari ya mlima, wakaondoka. Mimi nilikaa kona yangu nikiwachukia wote, pamoja na mlima wenyewe.

Walipoondoka akaiwasha tena, na nyekundu ikawa bado ipo. Kitu kilichoandikwa ukutani kila siku kinachosha macho, hata ya mtu mwenye kiburi. Hatimaye tulikaa pamoja, bila kusemeshana zaidi ya kilichohitajika, tukarekebisha kiini. Hitilafu yenyewe haikuwa kubwa. Kilichokuwa kikubwa ni muda tuliopoteza kukubali kwamba ipo.

Kisha nikaandika mwongozo. Kwa kila jaribio nilieleza linauliza nini na linakubali jibu gani, na mwisho nikaweka mstari unaoanza na neno Ila. Jaribio hili linathibitisha kwamba kipimajoto kinaamka umeme unaporudi. Ila halijui kama kipimajoto kimo ndani ya maziwa au kinaning'inia nje ya tangi. Hivyo hivyo mpaka ukurasa wa mwisho. Fundi mkuu alikata zile ila zote kwa kalamu.

"Hii si lugha ya kitaalamu. Andika mapungufu."

"Mapungufu mtu hayasomi. Ila anaisoma, kwa sababu anajua kinachokuja baada yake."

Tulibishana juu ya neno hilo zaidi kuliko tulivyobishana juu ya kiini. Nikazirudisha, akakata, nikazirudisha. Akachoka yeye kwanza, na mpaka leo zimo.

Kisanduku kilichorekebishwa nilikipeleka kijijini mwenyewe kwa bodaboda, nimekipakata. Tulikifunga, tukazima umeme, tukauwasha, tukakitia kipimajoto kwenye maji ya moto, na baba akaona namba ikipanda kwa macho yake. Nikamwambia sasa inabidi awaeleze watu. Kikundi kilikuwa kimeitisha kikao, na kila mtu alijua kimeitishwa kwa ajili yake. Nikataka nibaki nizungumze mimi, maana kilichoharibika kilitoka ofisini kwetu.

"Wewe rudi kazini," akasema. "Aliyesimama mbele yao ni mimi."

"Utaanza na nzuri?"

Akafunika tangi, akaniitia bodaboda.

Siku ya kikao sikufanya kazi ya maana. Saa za kutoka zilipofika nilikaa kwenye zile ngazi, nikapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Habari za kikao?"

Nilisikia ng'ombe, nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Nikajiandaa kumchukia, kwa sababu nilijua neno litakalokuja.

"Mbaya," akasema. "Mbaya, mama. Niliwaambia nilijua na nikanyamaza. Wameniondoa uenyekiti."

Nilikuwa na maneno makali ya kutosha kikundi kizima, nikaanza kuyapanga.

"Ila kesho wataleta maziwa," akasema.

Niliwachukia wote walionyoosha mkono kumwondoa, na bado nawachukia, mmoja mmoja, nawajua. Lakini nilikuwa nimemuuliza baba yangu habari, na alikuwa amenijibu.