Shemeji Micah Afunga Tovuti za Kamari

Marehemu mume wangu aliniachia shemeji mmoja, Micah, mtu mnyofu sana kwa maneno. Ndiye aliyeishinikiza kampuni ya intaneti ifunge tovuti za kamari kwenye waifai ya kanisa letu la Njoro, na kwa ushujaa huo akateuliwa mzee wa kanisa.

Jumapili ya kusimikwa, aliunganisha simu yake na skrini ya kanisa atuonyeshe kwamba hazifunguki. Alikuwa amesahau kuzima VPN, ile programu ya kukwepa vizuizi. Tovuti ikafunguka papo hapo: "Karibu tena, Micah."

"Mzee, hiyo VPN ni gani?" Kimberly wa kwaya akauliza. "Yangu hukwama."

Mchungaji akaahirisha kumsimika, kisha akanitazama. Nikamkumbusha kwamba undugu wangu na Micah ulikuwa wa ndoa tu, na mume wangu ameshazikwa.