Uji Ambao Sikuruhusiwa Kuuonja

Mpaka leo nikipita kwenye geti la hospitali ile damu inanichemka. Mama alikuwa amelazwa kwa kisukari. Yeye alishachanja, mimi nilishachanja, hata mlinzi alishachanja. Sokoni watu walikuwa wanabanana, kanisani tulisharudi kupeana mikono ya amani, ila wodini ndugu marufuku, eti korona! Kwetu Mpitimbi anayeleta chakula huonja kwanza mbele ya mlaji, na mama hakuwahi kula bila hivyo. Nilimweleza mlinzi, nikamwonyesha na cheti cha chanjo. Akanipokonya bakuli la uji, akalipeleka mwenyewe. Siku tatu mfululizo lilirudi limejaa. Siku ya nne nikaruhusiwa kuingia, wala sikuulizwa cheti. Niliitwa kuchukua mwili.