Fundi wa kanisa la mbao aliyechoshwa na saruji ya akina mama

Saa moja asubuhi, Fundi Chome Kalama amepiga magoti nje ya kanisa, lakini hasali. Anagonga kwa nyundo mguu wa nguzo uliovikwa saruji, anatega sikio, kisha anasonya. Anahamia nguzo ya pili. Anasonya tena.

"Hii imeoza. Na ile imeoza," anasema. "Na mimi nilisema."

Kanisa hili liko mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Ramisi. Wakata miwa walilijenga mwaka 1961, babake Chome akiwa mmoja wa mafundi wanne. Nguzo kumi na mbili za mbambakofi, mti mgumu wa pwani, zilikalishwa juu ya mawe bapa ili zisiguse udongo. Chini ya paa ukaachwa upenyo wa kiganja, upepo upite. Kwa zaidi ya miaka hamsini halikumsumbua mtu.

Kisha watu wakaanza kulipamba, na hapo ndipo Chome, mwenye umri wa miaka 63, alipokosa raha. Vijana waliziba upenyo kwa mabati kwa sababu ya popo. Ndani kukawa tanuri. Miaka saba iliyopita, askofu akitarajiwa, akina mama walibeba mchanga kichwani siku tatu, wakazungushia mguu wa kila nguzo saruji. Tangu hapo maji ya mvua huingia kati ya mti na saruji, yasipate pa kutokea.

"Zilipendeza, sikatai. Kama zimevaa viatu vya sikukuu," anasema. "Lakini nimewaambia mpaka mate yamenikauka."

Akitengeneza milango ya nyumba za kifahari Diani hulipwa Sh1,500 kwa siku. Hapa hulipwa muhogo na chai. Hilo halimuudhi. Kinachomuudhi ni kamati ya kanisa, ambayo Jumapili hii itaamua kama kanisa livunjwe, lijengwe la matofali. Wanasema limechoka.

"Halikuchoka," anasema Chome. "Limechoshwa."

Mbodze, mwenyekiti wa akina mama, anafika na birika la chai. Anamwamkia shikamoo, kisha anamkumbusha kwamba tofali halina mchwa. Chome anamwomba ruhusa ya kuvunja saruji ya nguzo moja tu. Mbodze anasita, saruji hiyo aliikoroga kwa mikono yake. Mwishowe anaitikia kwa kichwa.

Saruji inaanguka. Mbodze anasukuma kidole kwenye mti, nacho kinazama. Chome anagonga juu kidogo, usawa wa goti, na mti unalia kwa sauti kavu.

"Kumbe juu ni mzima?"

"Mzima. Ni mguu tu."

Mbodze anafuta kidole kwenye kanga. "Jumapili nitawaambia mwenyewe," anasema. "Nitawaambia ni sisi tulioliozesha."

Kamati ikikubali, Chome atakata miguu iliyooza, aunge mipya na kuirudisha juu ya mawe kabla ya masika. Anachoomba ni kimoja: akishamaliza, pasiongezwe kitu.

Mbodze anaafiki. Anamimina chai, anayatazama mawe, kisha anauliza kwa upole kama yanaweza kupakwa rangi kidogo.

Chome anavuta pumzi. "Pakeni," anasema. "Mawe peke yake."