Dobi Anayetia Vicheko Mfukoni mwa Shati

Saa mbili asubuhi, dobi analowesha ncha ya kidole na kuigusa pasi. Pasi inalia chss. "Tayari," anasema kwa sauti, ingawa chumbani hamna mtu zaidi ya mwandishi huyu, na mwandishi huyu hakuuliza kitu.

Anaanza na kola, kisha mabega, kisha mikono, kifua mwisho. Shati likishakunjwa anavuta droo, anatoa karatasi iliyokunjwa mara tatu na kuitumbukiza kwenye mfuko wa kifuani. Anaupiga mfuko kofi dogo, kama mzazi anayemuaga mtoto wa shule.

Karatasi hiyo si risiti. Ni insha. Dobi huyu mwenye miaka hamsini na mmoja ameandika insha ishirini na tatu za kuchekesha kuhusu mtu aliyerudi nyumbani baada ya kuishi ng'ambo miaka kumi na saba. Mtu mwenyewe ni yeye. Kitabu bado hakijachapwa, kwa hiyo wateja wanakipata kipande kipande, shati moja insha moja.

"Ukitaka kujua yaliyoendelea, lazima uchafue shati lingine," anasema, akicheka kabla hajamaliza. "Biashara haina aibu, ndugu yangu."

Mtaani wanamwita Samahani. Alirudi na ugonjwa wa kuomba radhi: umkanyage wewe, aombe radhi yeye. Inasemekana aliwahi kuuomba radhi mlango. Anapoulizwa, hakani.

"Ni kweli. Niliugonga kwa bega."

Huko ng'ambo alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli, katika chumba cha chini kisicho na dirisha, mashuka zaidi ya mia tatu kwa zamu moja. Nyumbani ikajulikana kwamba ni meneja.

"Sikusema mimi ni meneja. Nilisema niko hotelini. Maneno yangu yalipofika huku, yalikuwa yameshavaa tai."

Sasa, siku umeme ukiwapo, anamaliza mashati arobaini. Shati moja ni bei ya mkate mmoja. Umeme ukikatika anahamia pasi ya mkaa, na arobaini inakuwa ishirini.

Insha zake ni fupi na hazimwonei huruma mwandishi wake. Katika moja, anafika kwenye sherehe saa ileile iliyoandikwa kwenye kadi, anakuta ukumbi mtupu, anakabidhiwa ufagio. Katika nyingine, anampigia simu jirani kuuliza kama anaweza kwenda kumsalimia. Jirani, ambaye hajawahi kuombwa ruhusa ya salamu tangu azaliwe, anavaa viatu na kuja mbio akidhani kuna msiba.

"Hiyo ya simu niliisoma wodini, wagonjwa wakanishika wasinipe nafasi ya kuondoka," anasema muuguzi mmoja aliyekuja kuchukua sare zake. "Kuna mzee mmoja kafanyiwa upasuaji wa tumbo. Akanifukuza. Anasema nataka nimfumue nyuzi."

Lakini insha namba sita imemtia matatani, na hapo kicheko kinapungua. Inaitwa "Mabegi Mawili". Ndani yake ukoo mzima, watu arobaini, unakuja kumpokea msafiri, na dada yake mkubwa anayatazama mabegi mawili, anatafuta la tatu, halioni, anaangua kilio.

Dada huyo ni fundi cherehani. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa na cherehani mbili, akauza moja ili amkatie mdogo wake tiketi ya kwenda. Kwa ajili hiyo dobi alijiwekea sharti: insha hiyo dada angesomewa na yeye mwenyewe, ana kwa ana, na bila ruhusa yake kitabu hakichapwi.

Mipango si matumizi. Dobi hutofautisha nguo za wateja kwa uzi anaoshona ndani ya kola. Uzi wa buluu ni wa shemeji yake, mume wa dada. Wa kijani ni wa mwalimu mkuu. Jioni moja umeme ulikatika, mashati mawili meupe yamelala mezani, na katika giza buluu na kijani ni ndugu. Namba sita, iliyokuwa ya mwalimu mkuu, ikaingia kwenye mfuko wa shemeji.

Shemeji aliikuta akiwa mezani, akamsomea mkewe kwa sauti. "Tulicheka wote," anasimulia. "Kufika kwenye mabegi, nikabaki nacheka peke yangu."

Wiki tano zilipita bila salamu wala nguo. Mwenye mtambo wa kuchapa amempa dobi hadi mwisho wa mwezi huu, la sivyo zamu yake inakwenda kwa mwingine.

"Shemeji alikuwa akipita hapo nje na mashati yenye makunyanzi," anasema dobi, na sasa hatanii. "Bora angenitukana. Niliona aibu kweli. Mtu aliyeuza cherehani yake kwa ajili yangu nimemgeuza kichekesho."

Hajamaliza kusema hayo, mlango unafunguliwa. Ni shemeji, na shati limekunjwa kwapani.

"Nimetumwa," anasema. "La kuongeza sina."

Mfukoni mwa shati mna namba sita, imerudi. Pembeni imeandikwa kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa zilizonyooka kama mshono. Dobi anaisoma kwa sauti, kwa kuwa amezoea.

"Hatukuwa arobaini. Tulikuwa hamsini na wawili, na mpishi nilikuwa mimi." Anatabasamu. Anashuka mstari. "Mabegi hata sikuyaona. Niliona shingo yako. Kola ilikuwa inakuzunguka kama ya kuazima. Nilipeleka mtu, nikarudishiwa mifupa. Ndicho nilicholia."

Anaacha kusoma. Harufu ya kuungua inaanza kupanda, na shemeji ndiye anayenyanyua pasi. Dobi anafuta macho kwa shati la mteja, anagundua, analiomba radhi shati.

Chini kabisa mna mstari mmoja zaidi: "Rekebisha, ndipo uchape. Na kifungo cha shemeji yako kimelegea, usijifanye hujaona."

Basi ruhusa imepatikana. Anapanga kuchapa nakala mia mbili. Namba sita itaandikwa upya, na itaongezwa insha ya ishirini na nne, ya cherehani iliyouzwa. "Hiyo sijui kama itachekesha," anasema. "Ikikataa, nitaiacha ilivyo."

Anakaza kifungo, ananyoosha kola, anakunja. Droo haivuti. Mfuko wa kifuani anauacha mtupu.

"Hili napeleka mwenyewe leo," anamwambia shemeji. Kisha anasita, mkono kwenye simu. "Au nimpigie kwanza?"

"Umeshaomba radhi kila mlango wa mtaa huu, wa kwetu tu bado," anasema shemeji. "Ukipiga simu atadhani kuna msiba. Njoo tu."