Picha ya Kumwonyesha Njia

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Bukoba mjini, na nyumba yetu ilikuwa ya Kiislamu, ya watu ambao babu yao alitoka pwani. Siku niliporudi likizo nikamwambia kwamba chuoni Dar es Salaam nafundishwa kutengeneza sinema, hakuuliza sinema ni kitu gani. Aliuliza nitaolewa na nani. Nikamwambia baba, hilo tutaliona, kwanza nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa filamu fupi ya kumalizia mafunzo, ya dakika chache tu, na mada tulipangiwa: umuhimu wa kuhamia katika vijiji vya ujamaa. Kila mwanafunzi alirudishwa mkoani kwake. Mkoa wetu siku hizo ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi.

Mkufunzi wetu alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko chakula: walengwa. Kabla hujagusa kamera, alisema, nenda ukawajue walengwa wako. Wanajua nini, wanaogopa nini, wanachekeshwa na nini. Kama huwezi kusema filamu yako ni ya nani, usinipotezee mkanda. Nilipomsimulia baba hayo aliweka mkasi chini, akasema kwake yeye anayelengwa ni ndege, tena kwa manati, na hajasikia ndege akiulizwa anapenda nini.

Mikanda ilikuwa shida kweli. Iliagizwa ng'ambo, na mtu hakupewa mpaka mpango wake upite. Kwa hiyo nilikuja na kamera tupu, ya kupimia mahali na kufanyia majaribio. Ilikuwa kamera ya kutia ufunguo, kama saa ya mezani. Ukishautia na kubonyeza, inalia trrr, iwe ina mkanda, iwe haina.

Nilianza na Rwamishenye kwa kuwa ndiko tulikokuwa na jamaa. Huko watu hawakunificha kitu. Vijana wa madukani walitaka ngumi na nyimbo za Kihindi. Mama mmoja muuza mafuta ya taa aliniambia nitengeneze picha ya mume anayepigwa na mkewe, atalipa kiingilio yeye na dada zake wote. Nilipokwenda Izimbya mambo yakawa mengine, maana afisa mmoja wa serikali alikuja nami akakaa pembeni na kofia yake magotini. Kila niliyemuuliza anapenda kuona nini alijibu maendeleo. Nilimuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya ndizi kitu gani kinamwogopesha. Alitazama viatu vya afisa, akasema hakuna. Nikarudi nimenuna, maana mtu gani duniani haogopi kitu?

Ndipo nikaenda Kishanda, upande wa Muleba, bila afisa. Alinipokea balozi wa nyumba kumi, mtu mnene mcheshi, mwenye Kiswahili kilichonyooka cha shule ya misheni. Kihaya changu kilikuwa cha sokoni: bei, salamu, na kumwambia mtu ndizi zake ni mbovu. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Alinipa kahawa ya kutafuna, na tukiwa tunatafuna akanieleza taabu yake bila kuzunguka. Aliagizwa nyumba zote za bondeni ziwe zimebomolewa kabla ya mvua, watu wapande juu kwenye rweya, ile nyika ya majani matupu, ambako kijiji kipya kilishapimwa. Wengine wote walikuwa wamehama au wamegawanywa vijiji vingine. Amebaki bibi mmoja mjane, kichwa ngumu, na balozi alishaitwa ofisini mara mbili kwa ajili yake.

Nilimkuta bibi huyo kwenye kibanja chake, shamba lake la nyumbani, ndani kabisa ya migomba, katika nyumba ya udongo ya paa la nyasi, iliyoinama upande mmoja. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi la mumewe, safi, limepaliliwa. Alikuwa mdogo wa mwili, Mkatoliki wa rozari shingoni, na aliitazama kamera kuliko alivyonitazama mimi. Kabla sijamuuliza swali langu hata moja aliniuliza lake, na balozi akatafsiri. Gari la sinema lilipokuja uwanja wa kanisa, aliona umati wa watu wa Dar es Salaam wakishangilia Uhuru. Je, wale watu nao walituona sisi?

Kicheko kilinijia, nikakimeza. Nikamwambia hapana, si siku ile. Basi, akasema, lakini kama mimi niliwaona wao nikiwa hapa, mtu aliye mbali naye anaweza kuniona mimi akionyeshwa. Nikajiuliza, hapo kosa liko wapi?

Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki hai, wa kiume. Alivuka kwenda Buganda kuchuma kahawa kabla ya Uhuru, na alipoondoka alimwambia mama yake asitoke hapa, atarudi. Barua zilikuja kwa mkono wa padri, kisha hazikuja. Bibi hakuwa na ugomvi na ujamaa wala na serikali. Hofu yake ilikuwa moja: mwanawe atarudi, atakuta nyumba haipo na majirani hawapo, na ataondoka akidhani mama amekufa.

"Nipige picha nikimwonyesha njia," alisema. "Akishaiona, nitahama."

Nilisisimka mwili mzima. Tangu nianze kuzunguka na maswali yangu sikuwa nimepata jibu la kweli, na huyu hapa alijua filamu ni ya nani kuliko sisi wote kule chuoni. Papo hapo niliiona filamu yangu: mama anatembea kutoka nyumba ya zamani hadi mpya, akimwelekeza mwanawe. Hata mada ya kuhamia kijijini imo. Nikamwambia balozi amweleze vizuri kwamba leo tunajaribu tu, napima mwendo na mwanga, ndani ya kamera hamna kitu. Nitarudi na mkanda, tutafanya upya. Balozi akaeleza, akaeleza sana. Bibi akaingia ndani, akatoka amevaa nguo zake za kanisani.

Nikatia ufunguo, kamera ikalia. Akaanza mlangoni. Akaonyesha kaburi la baba mtu, kisha njia ya kijito, kisha mahali pa kuvukia. Kila alipofika pa kukata kona alisimama, akaisogelea kamera mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akamwita mwanawe kwa jina la utotoni na kumwambia apite wapi. Lile jina nililisikia mara nyingi hata likaniganda. Tulipanda mpaka juu kwenye rweya, penye upepo na vibanda vya udongo ambao haujakauka. Akasimama kwenye mlango wa kibanda kilichotengwa kuwa chake, akasema neno la mwisho, akalia. Na mimi nikalia nyuma ya kamera yangu tupu. Akanishika mikono yote miwili kunishukuru.

Asubuhi niliamshwa na sauti za watu. Nililala kwa balozi, na nilipotoka niliwaona wanapanda kilima na nguzo na mafungu ya nyasi za paa. Nikauliza ni nyumba ya nani. Balozi akanijibu kwa furaha kwamba bibi amekubali, ameanza kubomoa mwenyewe alfajiri.

"Ulimwambia nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia imekwisha. Kwamba mwanawe ataiona, asingoje tena."

Nilimtukana. Sikujali umri wake wala kwamba nimekula kwake. Nikamwita mwongo, mnafiki, mtu asiye na haya. Alisubiri nimalize. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba angemwambia ni majaribio, bibi angengoja, na upande wa pili wa kilima waliongoja walibomolewa nyumba zao vyungu vikiwa ndani. Akaniuliza kama hilo ndilo nililomtakia. Nikamgeuzia mgongo. Namchukia mpaka leo, naye amekwisha kufa, na bado nikiyakumbuka maneno yake nakosa la kumjibu.

Nilikwenda kwa bibi mwenyewe. Nikajaribu kwa Kihaya changu cha sokoni. Neno la kitu kitupu nililijua, nililitumia kwa vikapu na chupa. Nikaigonga kamera nikamwambia tupu, tupu. Akadhani nasema nina njaa. Akanifungia ndizi za kuchoma kwenye jani, akanipapasa shavu, akarudi kubeba miti yake.

Basi nikajiambia, potelea mbali, uongo huu nitaufanya kuwa kweli. Nitarudi na mkanda kabla hata hajajua. Nikaondoka Muleba nimejaa moto, na Dar es Salaam nikasimama mbele ya wakufunzi nikaisimulia filamu yangu hatua kwa hatua. Mkufunzi wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza walengwa wangu ni wangapi. Nikasema mmoja. Walicheka, wengine mpaka wakavua miwani. Nikaambiwa kwamba mkanda wa umma hautumiki kwa ajili ya mtu mmoja, tena asiyejulikana aliko, na kwamba kijana aliyekimbilia nchi ya watu si mfano mwema wa kuwaonyesha wananchi. Nilipewa kazi ya kushika taa kwenye filamu ya mwenzangu ya kuchimba vyoo. Nililia chooni, na hilo nalo likawachekesha.

Ilipita masika nzima kabla sijapata ruhusa ya kurudi nyumbani. Safari hii sikutaka mdomo wa mtu. Jirani yetu mmoja Mhaya alinifundisha kwa Kihaya sentensi ninayoitaka, nami nikaikariri njia nzima ndani ya basi: ndani hamkuwa na kitu, mwanao hakukuona.

Nilimkuta juu kwenye rweya ameketi mlangoni, amekonda. Migomba aliyopanda ilikuwa ya manjano, haikushika udongo ule. Aliniona akafurahi, akamwita jirani yake, mama kijana aliyesoma, aje atafsiri, kwa kuwa alikuwa na habari. Habari yenyewe ni kwamba mtu alikuja. Siku moja bibi aliposhuka bondeni kukata ndizi zake za zamani alikuta kaburi la mumewe limepaliliwa, na majani yamekusanywa pembeni. Mwanamke mmoja wa ziwani, mpita njia aliyekuja kutafuta kuni, alimwona mwanamume amekaa pale ndani ya kuta zisizo na paa. Yule mwanamume alimuuliza wenyeji wako wapi. Mwanamke akamjibu walichukuliwa, yeye hajui walipelekwa wapi. Yule mtu akalala pale, kesho yake akashika njia ya ziwani.

Jirani alipomaliza kutafsiri, bibi aliniinamia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alitaka tu kujua nilikoionyesha ile picha, kwa sababu ni wazi mwanawe hakuwepo siku hiyo, na aliniomba niirudie.

Nilikuwa na sentensi yangu kinywani. Nikaisema. Uso wake haukubadilika, akaniomba niseme tena. Nikasema tena. Jirani akanitazama kama mtu aliyemmwagia mgonjwa maji ya moto. Nilingoja matusi, na wallahi ningeyapokea kwa mikono miwili.

"Kumbe bado ananitafuta kule," alisema bibi.

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na jembe na mkeka, akaanza kuteremka. Nilimfuata mpaka kwenye kijito nikimsihi kwa Kiswahili asichokijua. Hakugeuka.

Viongozi wa kijiji walimrudisha juu, akashuka. Wakamrudisha, akashuka tena, na mara ya tatu wakamwacha. Alijiegemezea majani ya migomba kwenye ukuta mmoja uliobaki na kulala humo, na mvua za vuli zikamkuta humo. Kifua kikambana. Alizikwa palepale, kando ya mumewe, maana hata balozi hakuthubutu kusema vinginevyo. Balozi aliniambia baadaye, mbele ya watu, kwamba bibi yule aliuawa na ukweli wangu. Nikamwambia aliuawa na uongo wake. Tukaachana hivyo.

Nimetengeneza filamu nyingine tangu hapo, za mbolea, za maziwa ya watoto, na katika mpango wa kila moja nimeandika walengwa ni wananchi wa vijijini kwa jumla. Inapita bila kucheleweshwa.

Mara ya mwisho kufika Kishanda, miaka michache baada ya maziko, nilishuka bondeni peke yangu. Kibanja kilikuwa kimemezwa na magugu mpaka kifuani, nikawa napasua njia kwa mikono. Nyuma ya ule ukuta nikakuta makaburi mawili, yote mawili yamepaliliwa. Majani yaliyong'olewa yalikuwa yamerundikwa pembeni, bado mabichi.

Nikaiacha mikoba yangu palepale, nikakimbia kwenye njia ya ziwani nikiita lile jina la utotoni, nikaita mpaka sauti ikanikauka. Hakuitika mtu.