Kigoda Ndani ya Kioo

Miaka ya hamsini ilipoanza, Eliufoo alikuwa mpiga picha katika studio ya Bwana Sadallah, mjini Moshi. Kutwa alipiga picha za nyuso: wakulima wa kahawa waliobana pumzi kana kwamba wameelekezewa bunduki, maharusi wasiojua mikono yao waiweke wapi. Alikuwa mkimya, mzaliwa wa Old Moshi, na wengi walidhani hatamani kitu. Kumbe alitamani sana kupiga picha ya kitu kisichopepesa macho.

Nafasi ilikuja kupitia kwa shangazi yake, Tabitha. Mwalimu mmoja alisimulia, watu walipotoka kanisani, kwamba kwenye jumba la makumbusho la Dar es Salaam kipo kigoda cha Kichaga, kimechongwa kutoka gogo moja. Tabitha alishtuka. Alipokuwa mtoto alimwona askari wa Wajerumani akiondoka na kigoda cha baba yake kichwani. Hakuna aliyemwamini. Kaka yake Efraimu alishikilia kwamba kiliteketea pamoja na nyumba, na ukoo mzima ukalimeza neno lake. Lakini chini ya kigoda kile baba yao alikata alama aliyowatia ng'ombe wake masikioni, mikato miwili inayopishana. Tabitha alitaka picha ya upande huo.

Alikata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, akampa mpwa wake. Uchagani, anayeomba jambo zito au msamaha hutanguliza jani hilo, na akilitanguliza, kumkatalia ni aibu.

Bwana Sadallah alimwazima kamera kwa shingo upande. Eliufoo akapanda treni hadi Korogwe, basi hadi Morogoro, kisha treni tena.

Dar es Salaam ilimlewesha. Alipiga picha mnara wa kanisa la Wajerumani lililotazama bandari, matao ya boma la zamani na vivuli vyake virefu, milango ya nakshi ya maduka ya Wahindi. Alipiga magoti barabarani huku mikokoteni ikimkwepa na wenyewe wakimtukana. Majengo yalimsubiri. Hakuna lililomwuliza kama limetoka vizuri. Moyo ulimdunda kama wa mwizi, akacheka peke yake.

Ndani ya makumbusho alipita vinyago na ngoma, akakiona. Kilikuwa kidogo kuliko alivyofikiri, cheusi kwa mikono ya watu, ndani ya kabati la kioo. Alimwamkia mlinzi, Bwana Alawi, akaeleza shida yake yote, kisha akalitoa jani kwenye mfuko wa koti na kumnyooshea kwa mikono miwili.

Bwana Alawi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Hiyo dawa ya nini?"

"Si dawa, bwana. Ni isale. Kwetu halikataliwi."

"Kwetu majani hayafungui kabati. Liondoe."

Kurudi na jani lililokataliwa kulikuwa balaa kubwa kuliko kurudi bila picha. Eliufoo alibaki amelinyoosha, na kadiri alivyosimama ndivyo mlinzi alivyozidi kutoka jasho.

"Nikikigeuza," Bwana Alawi akasema mwishowe, "utaondoka nalo?"

Eliufoo aliitikia haraka. Mlinzi akafungua kabati, akakipindua kigoda. Mikato miwili ilikuwapo, imepishana, ile ile. Eliufoo akaipiga picha, kisha akalirudisha jani mfukoni.

Jumapili, baada ya ibada, ukoo ulikusanyika kwa Tabitha. Picha ilianzia kwa Efraimu, maana ndiye mkubwa. Aliisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaitazama muda mrefu.

"Basi ulimwona yule askari," akamwambia Tabitha.

"Nilimwona."

Hapo ndipo picha ikamfikia Tabitha. Alipitisha kidole gumba kwenye ile mikato, tena na tena, kisha akamgeukia mpwa wake.

"Ulikikalia?"

"Hapana, shangazi. Kiko ndani ya kioo."

"Sasa ulikwenda kufanya nini huko?"

Watu walicheka, hata Efraimu. Tabitha hakucheka. Alikwishaanza kuuliza treni ya Korogwe huondoka lini, na kama watu wa makumbusho watamkataza mwanamke mzima kukaa kwenye kiti cha baba yake.